Hita ya pili imetoboka, maji ya chumvi Dodoma: nirudi kwenye tanki, shawa ya umeme au sola?

Mkazi_Kisasa
Wakuu, habari za jioni. Hita ya tanki ya lita 50 imeanza kuvuja kwa chini. Fundi kaifungua, anasema tanki lenyewe limetoboka, halizibiki. Ni ya pili kufa hivyo hivyo, na ile ya kwanza ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Tuko Dodoma, maji ya kisima, birika la umeme halikawii kujaa ukoko mweupe. Tupo watu watano, bafu mbili, simtank iko kwenye mnara mfupi. Asubuhi za Juni na Julai huku mnazijua, siwezi kuwaambia watoto waoge ya baridi. Nataka kitu kidumu: tanki la chuma cha pua, shawa ya umeme ya papo kwa papo, au sola?

Kibajaji
Shawa ya umeme mkuu, usijitese. Haina tanki, sasa itatoboka nini? Ya wati 5,400 ukioga dakika 10 inakula uniti 0.9. Tanki lako kutoka nyuzi 20 hadi 60 linakula uniti 2.3, hata kama anaoga mtu mmoja.

Mama_Wawili
@Kibajaji hao watu watano wakioga hivyo kila siku ni uniti 4.5, kwa mwezi 135. Kama mita yake iko kwenye bei ya watumiaji wadogo, zile uniti 75 za mwezi za bei nafuu zinaisha siku ya 17 hivi kwa kuoga tu, na LUKU ataisikia. Halafu lita 50 za nyuzi 60 ukizichanganya na ya baridi zinaogesha watu kadhaa, si mmoja. Lita kwa lita umeme ni uleule. Tanki linakula zaidi pale linapoachwa limewashwa mchana kutwa, maji yanapoa na kuchemka upya bila mtu kuyagusa.

FundiBomba_Dom
Mkazi, kabla hujanunua chochote: fundi wako alipoifungua, aliona fimbo ya magnesiamu? Inakaa karibu na elementi, kile kichemshio cha ndani, unene wa kidole. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki. Ikiisha, tanki ndilo linaanza kuliwa. Kwa maji yetu haya inaisha mapema kuliko kitabu cha hita kinavyosema, na wateja karibu wote ninaowafungulia hawajui kama ipo. Nakuta waya mwembamba tu umebaki katikati, na chini ya tanki matope ya chokaa yamefunika elementi.

Kwa hiyo kubadilisha kampuni peke yake hakutakusaidia. Na usikimbilie chuma cha pua. Kile cha kawaida, 304, hakipatani na chumvi, kinatoboka vitobo vidogo kwenye maungio ya kuchomelea. Chukua tanki la enameli nene, kama ile ya mabakuli ya bibi, lenye mlango wa kufungulia na fimbo inayopatikana madukani. Kagua kila mwaka.

Mkazi_Kisasa
Fundi, fimbo haikuwepo kabisa. Kulikuwa na kijiti kama msumari.

FundiBomba_Dom
Hiyo ndiyo fimbo yenyewe, imekwisha.

Kibajaji
Bado nasema shawa. Jirani yangu anayo miaka na miaka.

Spana_19
Jirani yako anatumia maji gani? Nyingi ya shawa hizo waya wake wa kuchemshia uko wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, ndiyo maana mtu anashika bomba anasisimkwa mkono. Zipo zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, elementi imefunikwa, uliza hizo tu. Wati 5,400 kwa volti 230 ni ampea 23 na ushee, kwa hiyo waya wa milimita 6 kutoka kwenye breka yake yenyewe, ethi ya kweli, na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Anayekuambia unganisha kwenye soketi ya bafuni, mlipe nauli aondoke. Na mkizifunga mbili, zikawashwa pamoja, angalia laini yako kuu inabeba kiasi gani.

Mama_Wawili
Mbona sola hamuigusi? Dodoma jua si la kutafuta.

FundiBomba_Dom
Sola nzuri, ila si kila sola. Zile za mirija ya vioo ambayo maji yenyewe yanapita ndani, kwa chumvi hii ukoko unaganda humo na kuosha ni kazi ya siku nzima juu ya bati. Ya kuulizia ni ile yenye kijiti cha shaba ndani ya mrija, maji hayaingii kwenye kioo. Tanki lake nalo lina fimbo, usisahau. Tena simtank iwe juu ya tanki la sola, na Mkazi kasema mnara ni mfupi. Mnara mpya ni gharama nyingine.

Mkazi_Kisasa
Basi mnara umenimaliza. Nachukua tanki la enameli lita 80, nyuzi 60, nawasha alfajiri tu. Swali moja: ile valvu ya pembeni ilikuwa inadondosha matone kila hita ikiwaka, fundi akaiziba. Ndivyo inavyotakiwa?

Spana_19
Astaghfirullah.

FundiBomba_Dom
Hapana kabisa! Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 50 zinaongezeka karibu robo tatu ya lita, lazima zipate pa kutokea. Ukiziba, presha yote inabaki kwenye tanki. Kwenye hita mpya weka valvu mpya, kibomba chake kielekee chini hadi nje au kwenye sinki, kisiwe na koki. Ikidondosha wakati inachemsha, iache idondoshe. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, nunua nyingine, bei yake ndogo. Na fundi huyo asiguse hita mpya.