Kitenge cha kwenye mkoba: heshima au woga?

Kamwene wadau. Wiki iliyopita tulikuwa msibani Uyole, hapa Mbeya, mzee mmoja akachomekea: "Wanawake mna malalamiko gani tena? Si mnavaa suruali?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na jinzi mwilini, ila hakuna aliyeiona, maana juu yake nilifunga kitenge. Sasa huo uhuru anaousema ulikuwa wapi, kwenye jinzi au kwenye kitenge?

Tukumbushane kidogo. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana kule Dar: vimini, mawigi na suruali za kubana, marufuku. Jirani zetu Malawi, enzi za Rais Banda, walitunga sheria kabisa mwaka 1973, suruali kwa mwanamke ikawa kosa hadi vyama vingi vilipoingia. Ukivuka mpaka pale Kasumulu na suruali yako ulikuwa unatafuta kesi.

Ya zamani hayo? Juni 2021 Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, hapo Songwe tu, alitolewa bungeni kwa ajili ya suruali. Mbunge mwenzake wa kiume alisimama kulalamika, Spika Ndugai akamwambia atoke akavae vizuri. Mtu anatunga sheria za nchi, suruali inamtoa nje!

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jinzi haikuletwa na wanaharakati. Imeletwa na mitumba ya soko la Mwanjelwa, baridi ya Juni na bodaboda. Panda pikipiki Mafinga alfajiri na sketi yako, halafu uje tuongee.

Mimi nikienda ukweni nafanya hivi: nashuka kwenye kona, natoa kitenge mkobani, nafunga, nachomeka pindo kiunoni. Shikamoo naitoa nikiwa mke mwema. Nikirudi nakifungua kona ileile. Kijana wa bodaboda pale kijiweni keshanizoea, siku hizi ananishikia mkoba.

Mtasema ni adabu tu, hata mwanaume huvua kofia ukweni. Nakubali nusu. Yeye kofia anaishika mkononi, kila mtu anaiona. Mimi jinzi naificha. Na shemeji yangu anaingia nyumba hiyohiyo na kaptula, anaandaliwa chai.

Sisemi kitenge kitupwe. Msibani nitakifunga hadi nife, na hakuna nguo inayobeba mtoto kama hiyo. Ninachokataa ni ile kona.

Halafu nahisi mama mkwe anajua. Mwezi wa sita alinitazama miguuni, akasema, "Mwanangu, na baridi hii, ndani umevaa cha maana?" Nikamwambia nimevaa, mama. Hakuuliza zaidi.

Akina dada mlioolewa Iringa na Njombe: nani kashaingia ukweni na suruali waziwazi, akapokelewaje? Na akina baba, kabla hamjaniletea maandiko, semeni kwanza ninyi huwa mnavaa nini mkienda kwa wakwe.