Mjadala: mwenye kujaza vizimamoto Bukavu apewe leseni na leta (serikali), ama tumuache afanye kazi?

Jambo ndugu wa Bukavu, tujadili hii bila matusi. Mwezi jana pale depo yetu ya magodoro Kadutu, waya ilishika moto nyuma ya meza, mutoto wa kazi akakata umeme, akakamata kizimamoto, akavuta pini, akakamua, ikatoka unga kidogo kama mutu amepiga chafya, basi. Moto tuliuzima na mchanga wa jirani aliyekuwa anajenga, Mungu alitusaidia kabisa. Na mshale wa presha ulikuwa kwa kijani! Karatasi iliandikwa na biki kwamba imepimwa mwaka huu. Kesho yake fundi mwengine akatoa presha, akafungua mbele yangu: unga umeshikana ndani kama simenti iliyonyeshewa. Ule fundi wa kwanza aliongeza tu upepo, akakula dola zetu 15.

Njo nasema leta itunge sheria. Kule Marekani, jimbo la Texas, kampuni inayofanya hii kazi inaandikishwa, fundi anapita mtihani, na kila chupa inavaa karatasi yenye namba ya leseni yake na saini, ile mbovu inavalishwa nyekundu. Moto ukikushinda unajua mlango wa kugonga. Nyiye munasemaje?

Sudere wa Panzi: Sheria tuko nazo mingi. Leseni itakuwa karatasi ya kununua, wakaguzi watapita kila wiki kuomba ya kinywaji, bei itapanda kwa mteja. Kadutu nyumba za mbao zimebanana, gari ya zimamoto haina fasi ya kupita, mutu hana pesa ya makala, unamuambia leseni? Miye nilifundishwa kujaza vizimamoto na mukubwa wangu, miaka 9, hakuna mteja alirudi kulia. Mulete maji kwanza.

Mwenye mjadala: Juu ya maji na barabara sikupingi hata kidogo. Lakini ndugu, weye unajua kama unga wa ABC (ule wa kuzima moto wa mbao, wa mafuta na wa umeme) hauchanganywi na ule wa bikaboneti, juu unyevu ukiingia vinatoa gesi, vinashikana, presha inapanda ndani ya chuma ambacho pengine hakijapimwa nguvu kwa maji ya presha tangu kitoke kiwandani, na kule Marekani, kwa chupa za unga kipimo hicho kinatakiwa kila miaka 12. Yule anayeokota chupa za kachala na kuzipaka rangi nyekundu hajui. Sasa munauza bei moja, mteja atawatofautisha na nini? Mtihani uwe wa mikono, kwa Kiswahili, si Kifaransa cha darasani. Na isianze na nyumba ya mbao, ianze na mwenye kujaza, halafu depo, hoteli, masomo.

Mama Petroli: Miye niko katikati. Nauza petroli kwa bidoni, naogopa moto kuliko nyiye wote. Kuna kintu batu hawajui: ukikamua kizimamoto hata mara moja tu ya kujaribu, unga unabaki kwa vali, haifunge tena vizuri, presha inatoka polepole. Yangu ilikuwa kijani mangaribi, asubuhi mshale uko chini. Hiyo hakuna fundi aliniambia, niliijua kwa hasara. Kwa hiyo mtihani ndiyo, lakini nani atamupima mwenye kupima? Kama ni mutu wa ofisi asiyefunguaka chupa hata moja, Sudere ana haki. Waweke mafundi wazee kwa ile meza. Sudere, kesho nakuletea mbili, uzifungue nikiona.

Sudere wa Panzi: Kuya mbele ya saa nne. Kwa ile meza ya wazee, hapo tunaweza kuongea.