Vidole vinabambuka: niisugue ngozi au niiache?

MamaKarai, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Mimi hufulia watu nguo, zaidi Section 58 na Milimani, kwa mikono. Tangu kiangazi cha Januari kianze, vidole vinapauka na kubambuka hata nijipake nini. Kidole gumba cha kulia kimelainika mpaka simu haikitambui tena, nabonyeza namba kama niko na kabambe, simu ya vitufe. Damu hakitoki, lakini nikikamulia omena ndimu naruka.

Sasa kuna dada muuza vipodozi ananiambia hiyo ni ngozi iliyokufa, niisugue kwa jiwe kila jioni ndipo mpya itoke. Jiwe lenyewe anauza yeye, basi nimeona niulize kwanza. Kitu kilichokufa kina kazi gani mwilini?

Mparuaji, Dunga
Pole dada. Huku Kisumu tunaoparua samaki hali ni hiyohiyo, ongeza miiba ya ngege. Mimi hujipaka mafuta ya kupikia nikimaliza. Nanuka chapati lakini mikono haipasuki.

Tabibu wa Kakamega
Mama, usisugue. Huyo dada amesema kweli nusu. Tabaka la nje la ngozi, epidermisi, halina mshipa wa damu hata mmoja, ndiyo maana hutoki damu. Ila ncha za neva zinafika humo, na ndimu inazikuta.

Seli huzaliwa kwenye sakafu ya tabaka hilo, zinasukumwa juu na wenzao wapya, zikijaa keratini, protini ngumu, njiani. Safari huchukua kama wiki 4, na zikifika juu zimeshakufa na kulalana bapa. Hizo mfu ndizo ngao yako. Ni kama bati la nyumba: halina uhai, lakini livue uone mvua. Sehemu nyingi za mwili unene wa ngao hiyo ni kama milimita 0.01 hadi 0.02 tu. Viganjani ni nene zaidi, ndiyo maana umevumilia miaka yote hiyo.

Kati ya seli hizo kuna mafuta, yakiwemo keramidi na kolesteroli, yanayozuia maji ya mwili yasitoroke na vijidudu visiingie. Tena ngozi ina uasidi kidogo, pH kama 5 (pH ni kipimo cha uasidi, namba ikipanda uasidi unapungua). Sabuni ya unga mara nyingi hupita 9. Inayakomba mafuta hayo, maji yanatoroka, ngozi inakauka na kupasuka. Ukileta jiwe juu yake, unaondoa hata kile kidogo kilichobaki.

Alama ya kidole isikutie wasiwasi. Michirizi yake imejengwa kule chini, epidermisi inapokutana na dermisi, tabaka lililo chini yake, tangu ukiwa tumboni mwa mamako. Sabuni imekula ya juu tu. Ukikipumzisha kidole itarudi ileile.

Vaa glavu za mpira, ndani yake za pamba. Ukimaliza, suuza mikono kwa maji matupu, kausha kidogo, upake vaselini ikiwa bado na unyevu. Krimu kali za steroidi usinunue kiholela, zinazidi kuipunguza ngozi unene. Ukiona usaha au uvimbe, nenda kliniki.

MamaKarai, Nakuru
Asante daktari. Lakini na glavu sisikii kola kama imetakata. Na jasho je?

Tabibu wa Kakamega
Jasho ndilo sababu ya zile za pamba, zikilowa badilisha. Kuloweka, kufikicha na kusuuza vaa glavu. Kola ziache mwisho, uzipitie mkono mtupu kwa sabuni ya kipande kidogo. Si kuosha karai nzima hivyo.

MamaKarai, Nakuru
Sawa. Basi glavu nitamwambia mwenye nguo achangie.

Mparuaji, Dunga
Mwambie kabla hujaloweka.