Tupeane uzoefu: mlioachana bila kutafutana makosa ilikuwaje?

Mama Nai (Reading)
Habari zenu wapendwa. Nimeona niulize humu maana kila nikipiga simu nyumbani swali ni hilohilo, "kwani alikukosea nini?" na mi sina jibu. Miaka 11 hajawahi kuninyanyulia mkono, hela ya matumizi alitoa, ila mapenzi yaliisha tukabaki kama wapangaji wawili. Huku England na Wales tangu Aprili 6, 2022 huhitaji kumshtaki mwenzio, mnatamka tu kwamba ndoa imevunjika haitengenezeki. Zamani ilibidi uorodheshe mabaya yake, au mkae mbalimbali miaka miwili kama wote mmeridhia, mitano kama mmoja hataki. Kuna mama anaitwa Tini Owens alifika mpaka Mahakama ya Juu 2018 akakataliwa, ikabidi asubiri hiyo mitano itimie.

Sisi tulijaza fomu ya talaka pamoja usiku watoto wamelala, simu moja tunapokezana pale mezani jikoni, nikawa natafuta pa kuandika sababu, napandisha nashusha, hapapo. Nililia jamani, nilishajiandaa kumsema vibaya baba wa wanangu. Tukalipa pauni 593, wiki 20 za kusubiri, tukaomba amri ya kwanza, ilipotoka tukasubiri wiki 6 na siku moja tukaomba ya mwisho, kwisha. Wenzangu je?

Dada wa Kinondoni
Pole mamangu. Watu hawajui tu, hata kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 sababu ya talaka ni moja, ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Tatizo ni ushahidi, sheria imetaja ugoni, ukatili, kutelekezwa, kwaiyo watu wanafukuana mpaka ya uvunguni, wakati na kutengana kwa hiari miaka isiyopungua mitatu kumo humohumo. Mi nilipoenda baraza la kata mzee mmoja kashika kalamu ananiuliza "sasa niandike nini, hakupigi, halewi?" Nikamwambia tumetengana kwa kukubaliana huu mwaka wa nne, akasema hiyo si sababu binti, rudi kwa mumeo. Nilienda mara tatu ndo wakanipa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na bila hiyo hati kwa kawaida mahakama haikupokei. Hakimu yeye alinielewa siku ya kwanza. Nyumba tuligawana, nilikuwa mama wa nyumbani tu lakini tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed 1983 kupika na kulea kunahesabika ni mchango, msikubali kuambiwa hukuchangia.

Baba Kim, Nakuru
Huku Kenya sheria ya 2014 iliandikwa kwamba ndoa ya serikali huwezi peleka kortini kuomba talaka kabla miaka mitatu iishe. Sisi tulikosana mwaka wa kwanza tukangoja tu, kila mtu kwake. Kusema tumekubaliana peke yake haikutosha, wakili wetu alitumia ile ya ndoa kuvunjika kabisa kwa sababu tulikuwa tumeishi mbalimbali zaidi ya miaka miwili. Kinachoniuma ni mamangu mpaka leo hamsalimii yule dada, na hakuna kitu mbaya alifanya.

Bi Mwana (Leicester)
Mama Nai dadangu, ya pesa mmemaliza? Nauliza kwa sababu mi nilidhani amri ya mwisho imefunga kila kitu, kumbe inavunja ndoa tu, miaka miwili baadae naletewa barua ya wakili wa aliyekuwa mume wangu, anataka fungu kwenye pensheni yangu! Hata kama mmeelewana kwa mdomo andikisheni, mpeleke mahakamani jaji ayapitishe iwe amri. Na kama mlifunga nikahi, karatasi ya serikali usiihesabu ndo talaka ya kidini, mi ilibidi niende tena kwa masheikh kuomba khului, ile talaka anayoidai mke.

Mama Nai (Reading)
Ya pesa hatujafanya kabisa Bi Mwana, na nyumba ina majina mawili. Jumamosi anakuja kuchukua watoto, nitamwambia tukae tena pale mezani.