Mjadala: Karakana Mwezini, au tuendelee kupeleka vipuri kutoka duniani?

Mtoa mada: Wakuu, kila mara tunaambiwa watu wakirudi Mwezini watachimba udongo wa kule kule na kujitengenezea vifaa. Mimi kwa sasa napinga. Mwaka 2014 printa ya 3D, yaani mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, ilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na Desemba ikatoa spana ya racheti kwa mchoro uliotumwa kutoka duniani. Watu wakashangilia. Plastiki yake je? Ilitoka huku. Mwaka 2024 printa ya Shirika la Anga la Ulaya ikachapa chuma kisichoshika kutu, na waya wake nao ulipanda na roketi. Huyo ni fundi anayejisifia karakana kijijini huku kila msumari anaufuata mjini.

Mwanafunzi wa fizikia: Mbona MOXIE umeiruka? Ile mashine iliyokuwa ndani ya gari la Perseverance kule Mirihi ilivuta hewa ya ukaa ya pale pale na kutenga oksijeni. Ilifikia gramu 12 kwa saa, maradufu ya lengo.

Mtoa mada: Sijairuka, nilikuwa nakuja huko. Tangu Aprili 2021 hadi Agosti 2023 ilitoa gramu 122 tu. Mtu mmoja anatumia takribani gramu 840 kwa siku!

Mwanafunzi wa fizikia: Lilikuwa jaribio, mkuu, mashine yenyewe ndogo tu. Roketi ya kuwarudisha watu kutoka Mirihi itahitaji tani kwa tani za oksijeni ya kuunguzia mafuta. Utazibeba zote kutoka huku?

Mtoa mada: Basi oksijeni nimekuachia. Ninachobishia ni vipuri. Udongo wa Mwezini una aluminiamu na chuma, sawa, lakini vimeshikana na oksijeni ndani ya madini. Njia mojawapo ya kuvitenganisha ni kuyeyusha udongo kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,500 na kupitisha umeme. Sehemu kubwa ya Mwezi usiku mmoja ni kama siku 14 zetu. Umeme wa jua utautoa wapi? Na lile vumbi halijawahi kulainishwa na upepo wala maji, linakwangua kila kiungo.

Fundi wa gereji: Mnabishania tanuru, mimi nauliza nani atafungua boliti akiwa na glavu nene. Mwaka 1972 kule Mwezini, mwanaanga Gene Cernan wa Apollo 17 aligonga kwa bahati mbaya madigadi ya gari lao kwa nyundo, ikavunjika, vumbi likawa linawamwagikia. Waliunga ramani nne kwa utepe wa gundi, wakazibana kwa vibano vya taa ya chomboni. Safari ikaendelea. Waunde kwanza vyombo vinavyofunguka na vyenye vipuri vya kubadilishana, udongo baadaye.

Wakili: Na udongo ni wa nani? Mkataba wa kimataifa wa anga wa 1967 unakataza nchi kujimilikisha Mwezi, ila sheria ya Marekani ya 2015 inairuhusu kampuni kumiliki ilichochimba. Rwanda na Nigeria zilisaini Makubaliano ya Artemis, yanayoongozwa na Marekani kuhusu shughuli za anga, Desemba 2022, nayo yanaruhusu uchimbaji.

Mtoa mada: Wakili, hilo lifungulie uzi wake. Fundi, hapo tuko pamoja.