Navi ya dashibodi au ya kubandika kwenye kioo, kwa safari za Dodoma?

Mwenye_Gari_Kisasa: Wakuu, gari langu limetoka Japani na navi yake, ile skrini ya kuonyesha njia. Kijapani kinaongewa humo tangu bandarini, na nje ya Japani ramani haijui kitu. Safari zangu ni Kondoa, Chemba na Mpwapwa. Nifunge redio ya Android, ile yenye skrini na programu kama za simu, au ninunue navi ya kubandika?

Fundi_Redio: Kwanza usichomoe kadi ya SD! Kwenye Toyota nyingi ramani imo humo, na baadhi ukiichomoa skrini inagoma, hata redio haifunguki. Niliwahi kuletewa gari, mwenyewe kaitia kadi kwenye simu ahifadhi kwaya. Ukitoa betri nayo, nyingine zinadai namba ya siri. Halafu FM ya Japani inaanzia 76, nyingi zinaishia 90. Stesheni zetu zilizo juu ya hapo utazisikia kwa jirani. Toa hiyo.

Mzee_wa_Mtera: Mimi natumia Garmin yangu kuukuu, navi ya kubandika, nimeitia ramani ya bure ya OpenStreetMap. Inasoma setilaiti, haihitaji bando. Njia ya Iringa simu ikikosa mtandao, yenyewe inaendelea tu. Adui yake ni jua. Saa nane mchana kile kimpira cha kuibandikia kiliachia kioo, ikadondoka karibu na breki. Tangu siku hiyo naifunga kwa waya. Na ukishuka kula, shuka nayo.

Ipagala_Mama: Simu jamani? Pakua ramani nyumbani, basi.

Mzee_wa_Mtera: Dada, juani simu inachemka inajizima, tena kwenye njia panda.

Lami_Mpya: Sifa kubwa ya navi ya kiwandani ni kuhesabu mwendo wa magurudumu, hivyo hata ndani ya handaki inajua ulipo. Sasa mahandaki yetu ni ya treni, kule Kilosa! Angalieni ramani ni ya lini. Yangu ya 2015 iliniweka porini nikiwa Veyula juu ya lami ya barabara ya mzunguko. Kwa mji huu unaokua hivi, nunua unachoweza kukibadilishia ramani mwenyewe. Android inakuruhusu, Garmin pia.

Mwenye_Gari_Kisasa: Nimeelewa. Ila kamera ya nyuma imeunganishwa na redio hiyo hiyo ya Kijapani.

Fundi_Redio: Kuna soketi yake, hatukati waya. Fundi akikwambia anakata, ondoka na gari lako.

Mwenye_Gari_Kisasa: Basi Android. Mzee, ile Garmin huiuzi?

Mzee_wa_Mtera: Siuzi.