Duduk ya A: noti ya chini haitoki na gamishi limeachama. Kosa liko wapi?

Mrima_Sauti
Habari wakuu. Ni duduk ya Armenia, bomba la kupuliza la mti wa aprikoti, sentimita 35, na magamishi mawili mapya (yale matete ya kupulizia). Anayejifunza ametoka kwenye zumari, kwa hiyo kuzungusha pumzi (kuvuta hewa kwa pua huku ukiendelea kupuliza) si tatizo. Dalili ni hizi: noti za katikati ziko chini kwa karibu nusu toni, noti ya mwisho kabisa inakoroma badala ya kutoka, na baada ya dakika 10 midomo haina nguvu tena. Gamishi linawekwa kwenye glasi ya maji nusu saa kabla ya kupiga, na likitoka humo mdomo uko wazi kama wa samaki. Nini kibadilishwe?

Damkash_Pwani
Hiyo glasi iondoke kwanza. Gamishi haliloweshwi kama dagaa. Tete likinywa maji mengi linavimba, mdomo unapanuka, noti zinashuka, na mpulizaji anajikuta analibana kwa midomo muda wote. Uchovu wa dakika 10 umetokea hapo.

Fanya hivi. Tia maji kidogo ndani ya gamishi, ziba mwisho kwa kidole, tikisa, kisha yamwage yote. Lisimamishe bila kofia (kile kifuniko cha mdomo wake), uwe unaliangalia kila baada ya dakika chache. Mdomo ukifikia uwazi wa milimita 2 hivi katikati, anza kupiga. Likizidi hapo, livalishe kofia likae dakika 10 hadi 15. Kofia inabana ncha zirudi karibu. Likigoma kufunguka, rudia kwa maji ya uvuguvugu. Usilipanue kwa kisu wala kwa kucha, litapasuka pembeni.

Halafu kuna kile kibano kilichozunguka gamishi. Si pambo. Ukikisogeza kuelekea mdomoni, gamishi linafumba na noti inapanda. Ukikirudisha chini, linafumbua na noti inashuka. Sogeza milimita moja, pima kwa programu ya simu ya kupimia noti, ndipo usogeze tena. Na ukisogeza gamishi likiwa kavu, andaa pesa ya jingine.

FundiMsasa
Damkash kamaliza habari ya noti kuwa chini. Noti ya mwisho kukoroma ni ugonjwa mwingine, mara nyingi hewa inavuja.

Chomoa gamishi. Ziba matundu yote, manane ya mbele na moja la nyuma la kidole gumba, ziba na mwisho wa bomba kwa goti, kisha fyonza juu. Bomba likinata mdomoni, mti na vidole viko salama. Lisiponata, angalia vidole vidogo, maana kwenye duduk navyo vina matundu yake, na matundu ni makubwa. Yanazibwa kwa nyama ya kidole iliyolala, si kwa ncha.

Bomba likinata lakini noti bado inakoroma, uvujaji uko pale gamishi linapoingia. Ndiyo kazi ya ule uzi uliozungushwa chini yake: ongeza mizunguko miwili mitatu ya uzi wa pamba, paka nta kidogo, liingie kwa kukaza bila kulazimisha. Ukiongeza sana, gamishi halitazama hadi mwisho na noti zote zitashuka. Ukishaziba uvujaji, pima upya. Kile kibano huenda kikahitaji kurudi nyuma kidogo.

Msasa uje mwisho kabisa, namba 600, na kwa gamishi lililo gumu hata baada ya wiki mbili za kupigwa. Mikwaruzo mitano kila upande, jaribu, acha. Katikati ya mdomo pakishakuwa pembamba, hakuna dawa.

Mrima_Sauti
Asanteni sana. Uvujaji ulikuwa kwenye uzi! Limebaki swali la mtu wa zumari: abadilishe nini akihamia duduk?

Damkash_Pwani
Zumari ndugu yake kule Armenia ni zurna, si duduk. Zumari na zurna zina tundu la ndani ya bomba linalopanuka kama faneli, na tete lote linaingia mdomoni huku midomo ikiegemea kisahani. Duduk tundu lake ni la upana mmoja juu hadi chini. Bomba la namna hiyo, lililofungwa upande wa kupulizia, linatoa noti iliyo chini kwa oktava nzima kuliko faneli ya urefu uleule. Bomba sentimita 35, gamishi kama 10, na bado linashuka hadi F kali (F#) iliyo chini ya C ya kati.

Kwa hiyo midomo ishike ncha tu ya gamishi, milimita chache, na iwe laini, kwa sababu yenyewe ndiyo inayopinda noti. Nusu toni nyingi zinapatikana kwa kuziba nusu tundu pamoja na kulegeza mdomo. Pumzi ya zumari ni ya kusikika mtaa wa pili. Hapa punguza zaidi ya nusu. Uwanja wako ni oktava moja na noti chache, usitafute ya pili.

Pumzi ya kuzungusha aitumie kwenye dam, ile noti moja ya chini isiyokatika. Anayeishika anaitwa damkash, na mwenzake ndiye anayepiga wimbo juu yake. Wengi hudharau kazi hii, lakini dam ikiyumba kidogo tu, mwenye wimbo hana pa kusimama. Akae nayo dakika 5 bila sindano ya programu kutikisika, kisha ndipo aguse nyimbo.

FundiMsasa
Kwa unyevu wa pwani: ukimaliza, futa gamishi, valisha kofia, liache mahali penye hewa usiku kucha kabla ya kulifungia kwenye kasha. Likifungiwa bichi linaota ukungu mweusi kwa ndani. Tumia magamishi yote mawili kwa zamu, moja leo, jingine kesho. Mti upakwe mafuta ya lozi kwa ndani, matone mawili kwenye kitambaa, na yasiguse gamishi.